Muunganisho umekufa na programu haijui: mapigo, keepalive ya TCP au saa ya kazi?

Dalili huwa ileile. Programu inayopokea ujumbe kutoka kwenye foleni bado inaendeshwa, logi zake hazina kosa, kipimo cha afya kinaonyesha kijani, lakini ujumbe unarundikana kwenye seva na hakuna anayeuchukua. Ukiiwasha upya, foleni inaanza kupungua papo hapo. Basi watu wanaizoea dawa hiyo ya kuwasha upya, na tatizo linarudi.

Mara nyingi chanzo chake ni muunganisho wa TCP uliokufa bila upande mmoja kupata habari. TCP ikikaa kimya haitumi chochote, kwa hiyo ukimya wa mtu asiye na la kusema na ukimya wa mtu aliyekufa unafanana kabisa. Mashine ikizimika ghafla, waya ukichomoka, au fayawoli ya katikati ikiufuta muunganisho kwenye jedwali lake, hakuna pakiti ya FIN wala RST (za kufunga au kukata muunganisho) itakayofika upande wa pili. Programu iliyokaa kusubiri kusoma itaendelea kusubiri hata wiki nzima.

Njia za kugundua hali hii zipo kadhaa, na makosa mengi ninayoyaona hutokana na watu kuzichukulia kama kitu kimoja chenye majina tofauti. Si kitu kimoja. Ninapozilinganisha ninaanza na swali moja: ukiuliza "upo?", ni nani hasa anayejibu? Anaweza kuwa kerneli (kiini) ya mfumo endeshi, maktaba ya foleni, au ule msimbo wako unaofanya kazi yenyewe. Kila mmoja anaweza kuwa hai huku mwenzake amekufa.

| Njia | Anayejibu | Inachogundua | Kinachoipita |
|---|---|---|---|
| Keepalive ya TCP | Kerneli ya upande wa pili | Mashine au njia iliyokufa, muunganisho ukiwa kimya | Seva iliyoganda; data iliyokwama njiani |
| `TCP_USER_TIMEOUT` | Kerneli ya upande wa pili | Data uliyotuma isiyothibitishwa | Mpokeaji asiyetuma kitu |
| Mapigo ya itifaki | Maktaba au seva ya foleni | Njia iliyokufa na seva iliyoganda | Msimbo wako uliokwama, chaneli (njia ndogo ndani ya muunganisho) iliyofungwa |
| Saa ya kazi (muda tangu msimbo wako umalize jambo la mwisho) | Msimbo wako | Kazi isiyosonga, kwa sababu yoyote | Haikwambii sababu |

## Keepalive ya TCP

Keepalive ni pakiti ndogo ambazo kerneli hutuma muunganisho ukikaa kimya, kuuliza kama upande wa pili bado upo. Hii ndiyo watu wanaifikia kwanza kwa sababu ipo kwenye kila mfumo endeshi na haihitaji itifaki ya foleni ijue lolote. Shida yake kubwa ni namba. Kwenye Linux, chaguo-msingi ni kusubiri sekunde 7200 za ukimya, kisha kutuma pakiti za kuulizia mara 9, kila moja baada ya sekunde 75. Jumla yake ni zaidi ya saa 2 na dakika 11 kabla muunganisho kutangazwa kuwa umekufa. Kwa foleni inayopokea malipo au maagizo, muda huo ni sawa na kutokuwa na kinga.

Tena haijiwashi. Programu lazima iweke `SO_KEEPALIVE` kwenye soketi. Mtu anaweza kubadilisha `net.ipv4.tcp_keepalive_time` kwenye mashine nzima na asipate faida yoyote kwa sababu maktaba yake haikuomba keepalive. Amri ya `ss -tno` inakupa jibu mara moja: muunganisho wenye keepalive unaonyesha `timer:(keepalive,...)`, na usipoona timer yoyote kwenye muunganisho uliotulia, basi haijawashwa.

Kwenye kontena kuna mtego mwingine. Mipangilio hii inashikiliwa kwa kila nafasi ya mtandao (network namespace) peke yake, kwa hiyo ulichobadilisha kwenye mashine mwenyeji hakiingii ndani ya kontena, ambalo linaanza na zile 7200 za mwanzo. Kama unaweza kugusa msimbo, achana na mipangilio ya mfumo na uweke `TCP_KEEPIDLE`, `TCP_KEEPINTVL` na `TCP_KEEPCNT` kwenye soketi yenyewe. Sekunde 30, 10 na mara 3 zinakupa ugunduzi wa ndani ya dakika moja.

Hata ukiipanga vizuri, kumbuka anayejibu ni kerneli. Seva ya foleni inaweza kuwa imeganda, nyuzi (threads) zake zote zimefungana, na kerneli ya mashine hiyo ikaendelea kujibu kwa uaminifu kwamba muunganisho ni mzima. Kwa maana ya TCP haijakosea. Kwako wewe unayesubiri ujumbe, jibu hilo halina thamani.

## Upande wa kutuma: `TCP_USER_TIMEOUT`

Hapa ndipo watumaji wengi wanapotegwa. Ukiwa na data uliyoituma ambayo haijathibitishwa, Linux haitumi pakiti za keepalive. Inashughulika kuirudia ile data, na muda wa kukata tamaa unaamuliwa na `tcp_retries2`, ambayo chaguo-msingi lake ni 15. Kwa hesabu ya kerneli yenyewe, hiyo inatoa angalau sekunde 924, yaani zaidi ya dakika 15. Katika dakika hizo zote, kila unapoita kitendakazi cha kutuma kinarudi salama mradi bafa ya kerneli haijajaa, maana kufaulu kwake kunasema tu kwamba data imenakiliwa kwenye bafa hiyo. Haisemi imefika.

Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na keepalive ya sekunde 30 iliyopangwa kwa uangalifu, na mtumaji wake bado akapoteza robo saa ya ujumbe. `TCP_USER_TIMEOUT`, iliyopo kwenye Linux tangu kerneli 2.6.37, inaziba pengo hilo: unaipa milisekunde, na data ikikaa muda huo bila uthibitisho, muunganisho unavunjwa. Ukiiweka pamoja na keepalive, ndiyo inayoamua muunganisho ufungwe lini, kwa hiyo zipatanishe namba zake badala ya kuziweka ovyo.

Kwa mpokeaji anayesubiri tu bila kutuma kitu, haisaidii peke yake. Hakuna data inayosubiri uthibitisho, basi hakuna saa inayoanza kuhesabu.

## Mapigo ya itifaki

Ukinilazimisha nichague njia moja tu, nachukua hii. Pande mbili zinakubaliana kupelekeana kitu kidogo kila baada ya muda fulani, na anayenyamaza kupita kikomo anahesabiwa amekufa. Kwa kuwa pigo linatengenezwa na programu yenyewe, seva iliyoganda haiwezi kujificha nyuma ya kerneli. Ila kila itifaki imeyatafsiri kwa namna yake, na tofauti hizo ndizo zinazoamua utapata tabu gani.

RabbitMQ, inayotumia AMQP 0-9-1, inapendekeza sekunde 60 wakati wa kuunganisha. Zamani ilikuwa 580, ikabadilishwa kwenye toleo 3.5.5. Fremu ya pigo hutumwa kila nusu ya muda huo, na mapigo mawili yakikosekana muunganisho unafungwa. Trafiki yoyote inahesabiwa kama pigo. Nyaraka za RabbitMQ zinasema 5 hadi 20 zinafaa mazingira mengi, na chini ya 5 unajitafutia kengele za uongo: mkusanyo wa takataka za kumbukumbu ukichukua muda kidogo, au mtandao ukijaa kwa sekunde chache, muunganisho mzima unauawa bila kosa. Na kama unataka kuyazima, jua kwamba katika maktaba kadhaa, ikiwemo ya Java, upande mmoja ukisema 0 inachukuliwa thamani kubwa ya zote mbili. Wengi waliodhani wameyazima bado wanayo, na nafikiri hiyo ni bahati yao.

Jambo linalozaa maswali mengi zaidi kuliko yote ni nani anayetuma mapigo ndani ya programu yako. Maktaba ya Java inatumia uzi wake. Pika ya Python, ukitumia `BlockingConnection`, haina uzi wa pembeni. Mapigo yanashughulikiwa pale tu unapoirudishia udhibiti. Ukipokea ujumbe na kuuchakata kwa dakika tano ndani ya kitendakazi kilekile, hakuna pigo linalotoka, na logi ya seva itaandika `missed heartbeats from client, timeout: 60s`. Mtandao hauna kosa lolote. Suluhisho linalopendwa ni kuweka `heartbeat=0`, na ndilo baya kuliko yote, kwa sababu unaondoa kinga ili kuficha dalili. Peleka kazi ndefu kwenye uzi mwingine, kisha uthibitishe ujumbe kupitia `add_callback_threadsafe`. Kama hilo ni zito kwa sasa, ongeza muda wa mapigo uzidi kazi yako ndefu kuliko zote, ukijua kwamba ugunduzi nao utachelewa kwa kiasi hichohicho.

Maktaba ya Java ina tatizo la kinyume chake. Kwa kuwa uzi wa mapigo uko peke yake, msimbo wako unaweza kukwama kwenye hifadhidata kwa saa nzima na mapigo yakaendelea kudunda vizuri. RabbitMQ ya kisasa imeweka kinga kwa hilo: ujumbe uliopelekwa usipothibitishwa ndani ya muda, kwa kawaida dakika 30, chaneli inafungwa kwa kosa la `PRECONDITION_FAILED`. Angalia vizuri kilichofungwa. Ni chaneli. Muunganisho bado uko hai, mapigo yanaendelea, na urejeshaji wa kiotomatiki wa maktaba ya Java hauanzi kazi kwa kosa la kiwango cha chaneli. Vivyo hivyo foleni ikifutwa: seva inatuma `basic.cancel`, mpokeaji anaondolewa, na kila kitu kingine kinabaki wazi. Hizi mbili ndizo sababu ninazozitafuta kwanza mtu anaponiambia "muunganisho uko hai lakini hakuna ujumbe". Sikiliza tukio la kufungwa kwa chaneli na la kuondolewa kwa mpokeaji, usiishie kwenye la muunganisho.

MQTT ilizaliwa 1999 kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, na hilo linaonekana kwenye muundo wake: inabana sana idadi ya baiti. Mteja anataja `keep alive` kwa sekunde anapounganisha, hadi 65535, yaani zaidi kidogo ya saa 18. Seva isiposikia kitu ndani ya mara moja na nusu ya muda huo lazima ifunge. Kwenye MQTT 5 seva inaweza kumwamuru mteja atumie thamani yake, kwa hiyo ukiona muda haulingani na ulioandika, chunguza CONNACK (jibu la seva kwa ombi la kuunganisha) kabla ya kulaumu maktaba.

Ila MQTT haina usawa kati ya pande mbili. Seva imefungwa na sheria ya moja na nusu. Mteja anaambiwa tu kwamba asipopata PINGRESP (jibu la ping) "ndani ya muda unaofaa" inampasa kufunga. Tena itifaki inamtaka atume PINGREQ (ombi la ping) pale tu ambapo hana kingine cha kutuma. Kihisi kinachotuma vipimo kila sekunde kwa QoS 0 hakilazimiki kuuliza lolote, na hakingojei uthibitisho wowote. Seva ikitoweka, kihisi hicho kinarudi kwenye zile dakika 15 za `tcp_retries2`. Baadhi ya maktaba, kama Paho ya Python, zinaangalia pia muda wa kupokea na hivyo kuziba pengo hilo, lakini usidhani yako inafanya hivyo; ijaribu. Na Paho hiyohiyo, usipoita `loop_start`, `loop_forever` au `loop`, haitumi ping yoyote.

Kosa moja la MQTT linafanana na mtandao mbovu ilhali si mtandao: programu mbili zenye kitambulisho kimoja cha mteja. Ya pili ikiunganisha, seva inaikata ya kwanza. Ya kwanza inaunganisha tena na kuikata ya pili. Mzunguko huo hauishi, na logi ya Mosquitto (seva ya MQTT) itajaa `already connected, closing old connection`. Kupandisha au kushusha `keep alive` hakutabadilisha chochote hapo.

NATS, mfumo mwingine wa ujumbe, ina PING na PONG kwa pande zote mbili. Chaguo-msingi la maktaba ya Go ni dakika 2 kati ya ping na ping, na ping 2 zisizojibiwa zinavumiliwa, kwa hiyo muunganisho mfu unaweza kuchukua dakika nne hadi sita kabla ya kosa la `stale connection`. Hiyo ni ndefu mno kwa mfumo uliojengwa kwa ajili ya kasi. Shusha `PingInterval` hadi sekunde 20 hivi. Kingine ni kwamba maktaba hiyo inajaribu kuunganisha tena mara 60 kwa kila seva kisha inakata tamaa kabisa. Usiposikiliza `ClosedHandler` hutajua siku ilipoacha kujaribu.

ActiveMQ kwa OpenWire (itifaki yake yenyewe) ina `wireFormat.maxInactivityDuration` ya sekunde 30, na kwa kweli inatosha. Tatizo lake liko kwenye usafiri wa `failover:`, ambao unajitahidi kukuficha habari mbaya. Muunganisho ukikatika, `ExceptionListener` ya JMS (kiolesura cha ujumbe cha Java) haiitwi wakati failover inaendelea kujaribu, na kutuma kunaweza kusimama bila kikomo kwa sababu `timeout` ya chaguo-msingi ni -1. Programu haipati kosa, inaganda tu. Weka `timeout`, na tumia `TransportListener` kama unataka kujua lini njia ilikatika. Ukitumia STOMP badala yake, kumbuka kwamba kichwa cha `heart-beat` kisipotajwa kinahesabiwa `0,0`: hakuna mapigo upande wowote.

## Kafka ina saa mbili

Kafka naitenga kwa sababu mapigo yake hayalengi muunganisho, yanalenga uanachama wa kundi la wapokeaji wanaogawana ujumbe. Mpokeaji anatuma pigo kwa mratibu wa kundi kila sekunde 3. Akinyamaza kwa `session.timeout.ms`, ambayo ni sekunde 45 tangu toleo 3.0 na ilikuwa 10 kabla ya hapo, sehemu (partitions) zake wanapewa wengine. Tangu toleo 0.10.1 mapigo hayo yako kwenye uzi wa pembeni, na papo hapo ikaongezwa saa ya pili, `max.poll.interval.ms`, ya dakika 5: msimbo wako usipoita `poll()` ndani ya muda huo, mteja mwenyewe anajiondoa kwenye kundi.

Napenda sana mgawanyo huu. Saa ya kwanza inauliza kama mchakato uko hai, ya pili inauliza kama kazi inasonga. Ukiona kundi linajipanga upya kila mara, kwanza jua ni saa ipi imeisha. Logi ikitaja `consumer poll timeout has expired`, kupandisha `session.timeout.ms` hakusaidii, punguza `max.poll.records` au ongeza saa ya pili. Kwa itifaki mpya ya makundi iliyokamilika kwenye Kafka 4.0, muda wa mapigo na wa kikao unapangwa kwenye seva, kwa hiyo usishangae ukibadilisha kwa mteja na lisitokee lolote.

Udhaifu wa Kafka ni kwamba `poll()` hairushi kosa seva zote zikizimika. Inarudisha orodha tupu na kuendelea kuunganisha kimyakimya, na orodha tupu hiyo inafanana na ile ya foleni isiyo na ujumbe. Fuatilia kipimo cha `last-heartbeat-seconds-ago` badala ya kungoja kosa ambalo halitakuja. Kwa mtumaji, kosa linakuja kwenye kitendakazi cha majibu baada ya `delivery.timeout.ms`, dakika 2. Anayeita `send()` bila kuangalia jibu hatajua kamwe.

## Aliyekaa katikati

Miunganisho mingi inayokufa kimya haiuawi na seva wala mteja. Inauawa na kifaa cha katikati kilichochoka kukumbuka muunganisho usiotumika. NAT gateway (kibadilisha anwani) ya AWS inavumilia ukimya wa sekunde 350. Kisawazisha mzigo cha Azure, dakika 4 kwa chaguo-msingi. Fayawoli ya Google Cloud, dakika 10. IPVS, kisawazisha mzigo cha kerneli ya Linux, sekunde 900.

Weka namba hizo kando ya zile za juu na mambo mengi yanajieleza. Keepalive ya sekunde 7200 inafika kuchelewa kuliko zote. Kafka hufunga yenyewe muunganisho usiotumika baada ya dakika 9, lakini Azure ilishaufuta tangu ya 4, `connections.max.idle.ms` ya sekunde 180 inamaliza tatizo hilo. Mapigo ya RabbitMQ ya sekunde 60 yanapita salama kote. Kanuni ninayoifuata: pigo liwe nusu au pungufu ya uvumilivu wa kifaa kigumu kuliko vyote njiani. Na kama kukatika kwako kunatokea kila baada ya muda uleule wa ukimya, usianze na msimbo. Anza na kifaa hicho.

## Majaribio matatu ya kutofautisha

Usichague kwa kusoma nyaraka tu. Ua muunganisho kwa makusudi na uangalie saa.

`kill -9` kwa seva ndilo jaribio wanalofanya wengi, na ndilo linalodanganya zaidi. Mchakato ukifa, kerneli inafunga soketi zake na kumwarifu mteja. Karibu maktaba yoyote itagundua papo hapo, hata isiyo na mapigo wala keepalive. Limethibitisha urejeshaji, halijathibitisha ugunduzi.

`kill -STOP` ni tofauti kabisa. Seva imeganda, kerneli yake bado inajibu. Keepalive itasema uko salama; mapigo ya itifaki yatagundua. Kama mteja wako amekaa kimya baada ya dakika kadhaa, hana mapigo yanayofanya kazi, hata kama mpangilio umeandikwa.

La tatu ni kuangusha pakiti kwa `iptables` na `-j DROP`. Usitumie `REJECT`, maana hiyo inampa mteja habari, nawe unajaribu hali ambapo hapewi. Zuia pande zote mbili, INPUT na OUTPUT. Ukizuia INPUT ya seva peke yake, seva inaweza kuendelea kutuma mapigo yake na mteja akayapokea kwa muda, nawe utapima kitu kingine. Rudia jaribio hili mara mbili: mteja akiwa ametulia, na akiwa anatuma mfululizo. Kwenye hali ya pili, `ss -tno` itaonyesha `timer:(on,...)` na Send-Q (data ambayo bado haijathibitishwa) ikipanda, na hapo utajua kama unategemea `tcp_retries2`.

Kuna hali moja inayofanana na kifo ambayo si kifo. RabbitMQ ikiishiwa kumbukumbu au diski inaacha kusoma kutoka kwa watumaji, na mtumaji anaonekana ameganda. Muunganisho ni mzima, umezuiliwa. Sikiliza `connection.blocked` kabla ya kuandika msimbo wa kuvunja na kuunganisha upya, kwa sababu wateja mia wanaounganisha upya kwa pamoja kwenye seva iliyoelemewa wanaiangusha kabisa.

## Basi uchague lipi

Mpokeaji wa kawaida mwenye kazi fupi: mapigo ya itifaki ya sekunde 10 hadi 30, na usikilize kufungwa kwa chaneli. Huhitaji zaidi ya hapo kwenye kiwango cha mtandao.

Mpokeaji mwenye kazi za dakika nyingi: mapigo hayohayo, lakini kwenye uzi usiofanya kazi, pamoja na saa ya kazi. Saa hii ni kitu rahisi: andika wakati wa mwisho ambapo msimbo wako ulimaliza jambo au ulizunguka mzunguko wake mkuu, na kipimo cha afya kisome wakati huo, kisisome alama ya `isConnected`. Alama hiyo inakuambia maktaba inavyodhani, na maktaba ndiyo isiyojua. Kwa foleni yenye vipindi virefu vya ukimya, tuma ujumbe wako mwenyewe wa majaribio kupitia foleni ndogo ya pembeni, upande wa kutuma hadi wa kupokea, ili saa isitegemee bahati ya kuwepo kwa kazi.

Mtumaji: uthibitisho wa seva kwanza, yaani publisher confirms kwenye RabbitMQ, QoS 1 kwenye MQTT, `acks=all` kwenye Kafka, na kikomo cha muda wa kuusubiri. Kisha `TCP_USER_TIMEOUT` kama maktaba inakuruhusu kuigusa soketi. Mtumaji asiyengoja uthibitisho hana njia ya kujua alichopoteza, hata akiwa na mapigo ya kila sekunde.

Kihisi kinachotumia betri na mtandao wa simu: hapa naregeza msimamo. Kila ping inaamsha redio, kwa hiyo chukua `keep alive` ndefu kadiri NAT ya mtandao inavyoruhusu, na utumie ujumbe wa wosia wa MQTT ili wengine wajue kifaa kimetoweka. Kuchelewa kugundua kwa dakika kadhaa ni bei halali.

Programu ya zamani usiyoweza kuibadilisha: hapo ndipo keepalive ya TCP inapostahili nafasi ya kwanza. Pitisha muunganisho kwenye HAProxy (programu ya kati inayopitisha miunganisho) yenye `option clitcpka` na `option srvtcpka`, na upange namba za kerneli kwenye mashine hiyo. Haitagundua seva iliyoganda, lakini itaondoa vifo vingi vya fayawoli.

Vyovyote utakavyochagua, panga pia kinachofuata baada ya kugundua. Ujumbe uliopokelewa bila kuthibitishwa utapelekwa tena, kwa hiyo msimbo uweze kuuchakata mara mbili bila madhara. Na muda wa kusubiri kabla ya kuunganisha upya uongezeke kila jaribio, ukiwa na nasibu ndani yake, ili wateja wote wasirudi kwa sekunde moja.